Karatasi ya laboratwari inasema nini? Somo juu ya kupima chembe za madini katika mboga zetu

Katika namba iliyopita tulizungumza juu ya chokaa na mbolea ya samadi. Wengi mumetuuliza: "Sawa, lakini tutajuaje kama udongo wetu uko na madini mabaya, ao ni maneno ya watu tu?" Swali ni zuri. Jibu lake ni kupima. Lakini kupima vibaya kunaweza kuharibu kuliko kutopima. Sisi wenyewe tulikosea, na somo la leo linatoka katika kosa letu. Tunalieleza wazi ili lisiwapate na ninyi.

1. Siku tuliposoma karatasi vibaya

Koperative moja ya mama wanaolima mboga pembeni ya Lubumbashi ilituita. Sokoni wanunuzi walikuwa wameanza kupita meza zao bila kusimama. Walisema: "Lengalenga ya kule karibu na mine, hapana." Mama wale walitaka jambo moja tu: ukweli ulioandikwa.

Tulikuja na mifuko, tukakata mboga hapa na pale, tukaituma laboratwari. Baada ya wiki nyingi karatasi ikafika. Tuliisoma mbele ya mkutano. Kwenye mstari wa kadimiumu, namba ilikuwa imepita kikomo mbali sana. Watu wakanyamaza. Mama mmoja akauliza: "Sasa ile yote tumelisha batoto betu?" Hatukuwa na jibu. Jioni ile ile mama watatu waling'oa vitalu vyao, na mboga ikiwa tayari kwa soko.

Siku chache baadaye, agronomu wetu alimpigia simu fundi wa laboratwari ili amuulize zaidi. Fundi naye akauliza maswali mawili: "Muliona kwamba namba zile ni za uzito mkavu? Na mboga, muliiosha mbele ya kuituma?" Hatukuona. Hatukuosha. Karatasi haikusema uongo. Sisi njo hatukujua kuiuliza.

2. Chembe za madini ni nini

Mwili wa mtu unahitaji madini mengine kwa kiasi kidogo sana: chuma, zinki, shaba, iodi, seleniumu. Hata kobalti kidogo iko ndani ya vitamini B12. Yakikosekana, mtu anagonjwa; yakizidi, anagonjwa vilevile. Kuna mengine ambayo mwili hauyahitaji kabisa: risasi, kadimiumu, zebaki. Hayo yakiingia, ni hasara tu. Kadimiumu inakaa katika figo kwa miaka 10 hadi 30. Risasi inaharibu akili ya mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa hakina hatari.

Kiasi tunachozungumza ni kidogo mpaka macho hayawezi kukiona na ulimi hauwezi kukionja. Laboratwari inaandika mg/kg, yaani miligramu ngapi ndani ya kilo moja. Fikiria tani moja ya unga, mifuko 20 ya kilo 50. Chukua gramu 1 ya chumvi, ile unayoshika kwa ncha za vidole, uichanganye katika mifuko yote 20. Hiyo ndiyo miligramu 1 kwa kilo 1. Kikomo cha kadimiumu katika mboga za majani, kilichowekwa na Codex, tume ya chakula ya FAO na OMS, ni 0.2 mg/kg. Ni sehemu moja ya tano ya ile chumvi katika mifuko 20. Kwa risasi, kikomo cha mboga za majani ni 0.3 mg/kg.

Kwa sababu kiasi ni kidogo hivi, uchafu mdogo unabadilisha kila kitu. Tufanye hesabu. Tuseme udongo wa shamba una miligramu 10 za kadimiumu kwa kilo. Gramu 1 ya udongo huo ikibaki juu ya gramu 100 za majani, imeongeza 0.1 mg/kg. Hiyo ni nusu ya kikomo, na mmea wenyewe haujanyonya kitu.

3. Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi

Katika Katanga, shaba na kobalti viko ndani ya ardhi tangu zamani. Kuna vilima ambako miti haioti kwa sababu ya shaba, na kuna ua dogo, *Haumaniastrum katangense*, ambalo watafuta madini walilijua kama alama ya shaba. Kisha kazi ya watu ikaongeza. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza mwaka 1911, na upepo ulibeba moshi wake juu ya mashamba na nyumba kwa miaka mingi.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wale wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa nyingi kuliko ile iliyowahi kuandikwa mahali popote kwa watu wa kawaida, wasio wafanyakazi wa kiwanda. Watoto walikuwa nayo kuliko watu wakubwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha njia mbili kubwa: chakula kinacholimwa karibu, na vumbi. Kwa watoto, wanaocheza chini na kuweka mikono kinywani, vumbi lina nguvu zaidi.

Hatusemi hivi ili mutupe majembe. Mfano wa Japani unatufundisha. Huko, katika bonde la mto Jinzu, jimbo la Toyama, wakulima walimwagilia mpunga kwa mayi yaliyotoka upande wa mine. Wanawake, zaidi wale wenye umri mkubwa, walianza kuumwa mifupa mpaka inavunjika kwa kitu kidogo. Ugonjwa waliuita *itai-itai*, maana yake "inauma, inauma." Kwa miaka mingi hakuna aliyejua sababu. Ni kupima kadimiumu katika mto, katika mchele na katika miili ya wagonjwa kulikoleta ukweli, na mwaka 1968 serikali ilikubali kwamba sababu ni kadimiumu ya mine. Udongo wa mashamba ulitengenezwa upya, kazi iliyomalizika mwaka 2012. Wakulima wale walishinda kwa sababu walikuwa na vipimo ambavyo hakuna aliyeweza kuvikana.

4. Mashine inahesabu namna gani

Mama anapopika na chumvi ikaanguka katika moto, moto unageuka manjano kwa dakika moja. Shaba inaufanya kijani. Kila madini ina rangi yake ya mwanga. Mashine moja ya laboratwari inatumia siri hiyo. Majani yaliyokaushwa yanayeyushwa katika asidi kali mpaka yanakuwa kama mayi, kisha yanapulizwa ndani ya moto. Taa ya kadimiumu inapiga mwanga wake kupitia moto huo. Kama kadimiumu iko, inameza sehemu ya mwanga. Mwanga uliopotea unaonyesha kiasi.

Mashine nyingine, ya bei kubwa zaidi, inatumia gesi ya argoni yenye joto la maelfu ya digrii. Inavunja kila kitu kuwa atomu, kisha inazichagua kwa uzito wake, kama vile tunavyochagua mahindi kwa chekecheo. Hiyo inaona madini mengi kwa mara moja na kwa kiasi kidogo sana.

Kuna pia mashine ya kushika mkononi, inayofanana na bastola. Unaiweka juu ya udongo, na kwa dakika moja inatoa namba. Ni nzuri kwa kutafuta shaba nyingi au risasi nyingi katika udongo. Lakini kadimiumu kidogo iliyo ndani ya jani haiioni. Mtu akija nayo akasema mboga yenu ni safi ao ni mbaya, musikubali haraka.

5. Kuchukua sampuli (eshantiyo)

Mashine inaweza kuwa ya bei gani, inapima tu kile ulichoweka mfukoni. Kazi kubwa inafanyika shambani, kwa mikono yetu.

*Kwanza, gawanya shamba.* Sehemu ya juu, sehemu ya bondeni, sehemu ya pembeni ya barabara: kila moja ni sampuli yake. Usichanganye kitalu cha mama huyu na cha mama yule kama viko mahali mbalimbali.

*Pili, tembea kwa kona-kona.* Katika kila sehemu chukua majani mahali 10 hadi 15, hapa na pale, si pale penye mboga nzuri tu. Changanya. Kilo 1 ya majani mabichi inatosha. Pale pale chini ya mmea chukua udongo wa kina cha sentimeta 20, uchanganye nao vilevile, ukamate nusu kilo.

*Tatu, angalia vyombo.* Kisu chenye kutu kinaacha chuma. Ndoo ya bati inaacha zinki. Chombo cha shaba kinaacha shaba. Mkebe uliounganishwa kwa risasi unaacha risasi. Tumia kisu cha inoksi kilicho safi na beseni ya plastiki. Vua pete na bangili, osha mikono.

*Nne, gawa mboga mara mbili.* Hapa ndipo siri ya somo lote. Nusu moja usiioshe. Nusu nyingine ioshe mara tatu kwa mayi safi, na mara ya mwisho kwa mayi yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa betri za gari, kama kopo ni jipya na limefungwa. Namba za nusu mbili zitakuambia kama madini iko *juu* ya jani ao *ndani* ya jani.

*Tano, kausha mbali na vumbi.* Pima kwanza uzito mbichi, uandike. Tandaza juu ya karatasi nyeupe ndani ya nyumba. Usianike kando ya barabara. Usitwange wala usipeleke kwenye mashini ya kusaga unga: chuma chake kinaingia. Kusaga, waachie laboratwari. Mwisho pima uzito mkavu, uandike nao.

*Sita, funga na andika.* Weka katika bahasha ya karatasi, si katika sashe ya plastiki, kwa sababu ndani ya plastiki majani yanaoza. Andika kwa kalamu ya risasi, kwani wino unafutika: tarehe, kijiji, jina la mboga, sehemu ya shamba, imeoshwa ao haikuoshwa.

*Saba, tuma pacha.* Chukua sampuli moja, igawe mara mbili, zipe namba mbili tofauti bila kumwambia fundi. Namba zikirudi karibu sawa, mutakuwa na imani. Zikiwa mbalimbali sana, muulize. Fundi mzuri hatakasirika. Yeye mwenyewe anafanya hivyo: anapima chombo kitupu ili ajue uchafu wa asidi yake, na anapima majani ya kielelezo ambayo kiasi chake kimekwisha kujulikana.

6. Maswali matano ya kuuliza karatasi

1. *Uzito mkavu ao uzito mbichi?* Hili ndilo swali lililotuangusha. Kikomo cha Codex ni cha mboga mbichi, jinsi inavyouzwa. Lakini laboratwari nyingi zinaandika uzito mkavu. Tuseme kilo 1 ya lengalenga mbichi, ikikauka, inabaki gramu 100. Karatasi inaandika kadimiumu 1.4 mg/kg kwa uzito mkavu. Ugawe kwa 10: ni 0.14 mg/kg kwa uzito mbichi. Iko chini ya 0.2. Asiyejua anaona mboga iliyopita kikomo mara saba. Ndiyo sababu tuliwaambia mupime uzito mara mbili.

2. *Imeoshwa?* Linganisha nusu mbili. Unaweza pia kuomba wapime titaniumu. Udongo una titaniumu nyingi, mmea unanyonya kidogo mno. Kama titaniumu iko juu, ujue kwamba unapima vumbi, hupimi mboga.

3. *Kipimo cha chini cha mashine ni ngapi?* Alama "<0.05" haina maana ya sifuri. Maana yake ni kwamba mashine haioni chini ya 0.05. Kama mashine haioni chini ya 0.5, haiwezi kukusaidia kwa kikomo cha 0.2.

4. *Ni mg/kg ao µg/kg?* Ya pili ni ndogo mara elfu moja. Namba 140 ya µg/kg ni sawasawa na 0.14 mg/kg.

5. *Kikomo kipi?* Kwa kobalti na shaba, Codex haikuweka kikomo katika mboga. Mtu akisema "imepita kikomo", aonyeshe ni kikomo gani na cha nani.

7. Kipimo cha mwili: mkojo, damu, nywele

Wakati mwingine timu ya watafiti inakuja kijijini kupima watu. Sheria ni ile ile: uchafu unadanganya.

Mkojo ni mzuri kwa kobalti na kadimiumu. Kobalti ya mkojo inaonyesha hasa kilichoingia siku za karibuni. Kadimiumu ya mkojo inaonyesha kile kilichokusanyika kwa miaka. Mtu aliyekunywa mayi mengi ana mkojo mwepesi, namba inashuka bure. Kwa hiyo laboratwari inapima pia kitu kinachoitwa kreatinini, ili kulinganisha mkojo mzito na mwepesi. Kabla ya kutoa mkojo, mtu aoge mikono na avue nguo za kazi.

Damu ndiyo inayofaa kwa risasi. OMS inasema damu ikiwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita, lazima kutafuta risasi inatoka wapi na kuiondoa. Damu ya kidole ni rahisi kuchukua, lakini vumbi la kidole linaweza kupandisha namba. Ikiwa juu, ihakikishwe kwa damu ya mshipa. Nywele zinabeba vumbi la nje, ni vigumu kutenganisha na kile kilichotoka ndani ya mwili. Tusijenge hukumu juu ya nywele peke yake.

Na tusisahau heshima. Hakuna mtu anayechukuliwa damu ao mkojo bila kueleweshwa na kukubali. Namba yake ni yake, haisomwi mbele ya mkutano. Namba kubwa bado si ugonjwa. Ni sababu ya kwenda kituo cha afya.

8. Namba zikisha kuja, tufanye nini?

*Kama kuosha kunashusha namba sana,* adui ni vumbi. Funika udongo kwa nyasi kavu ili mvua isirushe matope juu ya majani. Panda ua mrefu upande wa barabara. Osha mboga mara mbili ao tatu, hata sombe, mbele ya kutwanga. Lakini usioshe katika kijito kinachotoka upande wa mine: hapo unaongeza.

*Kama kuosha hakushushi,* madini iko ndani. Udongo wenye uchungu, yaani wenye asidi, unaachilia kadimiumu, zinki na kobalti, na mizizi inazinywa. Chokaa inapunguza asidi na kufunga madini hayo. Tafuta kufika pH ya 6.5. Samadi na mboji vinasaidia pia, lakini si takataka za mji zenye betri ndani. Kisha badilisha mazao. Majani kama lengalenga yanavuta kadimiumu kwa urahisi. Mahindi, maharagwe, tomati na biringanya kwa kawaida vinapeleka kidogo katika mbegu ao tunda.

*Kama hata baada ya chokaa namba inabaki juu,* tuseme ukweli: kitalu kile kisilimwe chakula. Pandeni miti ya kuni ao ya mbao, na mupeleke karatasi kwa wakubwa wa kijiji na wa serikali. Karatasi iliyopimwa vizuri ina sauti kuliko malalamiko mia.

9. Tulirudi

Tulirudi kwa mama wale, tukaomba samahani mbele ya mkutano ule ule. Tulichukua sampuli upya, safari hii mama wenyewe wakiwa na beseni na mizani. Karatasi ya pili ilikuwa ndefu zaidi, lakini kila mtu aliweza kuisoma. Vitalu vingi vilikuwa chini ya kikomo. Vile vya pembeni ya barabara vilikuwa na vumbi, kuosha kuliviokoa. Vitalu vya bondeni tu, pale mayi ya kijito yanapofurika, vilikuwa na kadimiumu ndani ya majani kweli. Moja kati ya vitalu vilivyong'olewa siku ile kilikuwa kizuri kabisa. Mwenye kitalu hakutukana. Alisema tu: "Siku ingine, muulize kwanza, halafu museme."

Leo mama wale wanauza mboga ya juu wakiwa na karatasi mezani, na bondeni wamepanda miti.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

- Shamba letu lina sehemu ngapi tofauti? Chora ramani yake, uonyeshe barabara, kijito na upande wa upepo.
- Kilo 1 ya matembele yetu, ikikauka, inabaki gramu ngapi? Jaribuni kwa mizani mbele ya mkutano ujao.
- Karatasi inaandika risasi 2 mg/kg kwa uzito mkavu, na mboga ina sehemu 9 za mayi katika 10. Je, imepita kikomo? (Jibu: 2 ugawe kwa 10 ni 0.2. Kikomo ni 0.3. Haijapita, lakini kwa risasi tuendelee kutafuta njia ya kuipunguza.)
- Vyombo gani vya nyumbani kwetu haviwezi kutumika kwa sampuli, na kwa nini?

Mungu awape mvua nzuri na mavuno. Tuonane katika namba ijayo.